Khayr al-Din wa Tunis: Mtumwa Aliyetaka Mfalme Awe Chini ya Sheria

Bwana mmoja aliuzwa Istanbul akiwa mtoto, na kabla ya kufa kwake alikuwa amekwisha kuwa Waziri Mkuu mara mbili, katika dola mbili mbalimbali. Hayo peke yake yangetosha kumfanya asimuliwe. Lakini Khayr al-Din Pasha, ambaye ndiye tunayemzungumza leo, hakuingia vitabuni kwa ajili ya kupanda cheo, kwani watumwa waliopanda vyeo katika majumba ya Waturuki walikuwa wengi, na majina yao aghalabu yamesahauliwa. Yeye anakumbukwa kwa sababu alishika neno moja karibu maisha yake yote: kwamba mtawala asiweze kumfunga mtu, wala kumwua, wala kumnyang'anya mali yake, ila kwa hukumu ya sheria, na kwamba wawepo watu wenye nguvu ya kumwuliza mtawala huyo pale anapovuka mpaka.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1820 katika milima ya Caucasus, karibu na Bahari Nyeusi. Wazazi wake hakuwajua. Nchi ile ilikuwa vitani na Warusi, na watoto wengi walitekwa au kuuzwa wakavushwa bahari kwenda Istanbul. Huko Khayr al-Din alilelewa katika nyumba ya Tahsin Bey, naqib al-ashraf, yaani mkuu wa masharifu, akasomeshwa vizuri kama mtoto wa nyumbani. Lakini mtoto wa nyumbani hakuwa. Alipofika ujana aliuzwa tena, mara hii kwa wakala wa Ahmad Bey, mtawala wa Tunis, na yapata mwaka wa 1839 akashuka katika bandari ya nchi asiyoijua, ambayo lugha yake pia hakuijua.

Hapa inafaa tueleze neno. Sisi leo tukisema mamluki twamkusudia askari wa kukodiwa. Kule maana yake ilikuwa mtu aliyemilikiwa, akafundishwa silaha, maandishi na adabu za jumba la kifalme, kisha akapewa kazi ya serikali. Huenda akawa jemadari. Huenda akawa waziri na kuoa binti wa mfalme. Pamoja na hayo yote roho yake ilikuwa mkononi mwa bwana wake. Yusuf Sahib al-Taba', waziri aliyejenga msikiti maarufu mjini Tunis ambao hata leo unaitwa kwa jina lake, aliuawa mwaka wa 1815. Shakir Sahib al-Taba', waziri mwenye nguvu kuliko wote wa wakati wake, aliuawa mwaka wa 1837, miaka miwili tu kabla ya Khayr al-Din kufika. Hapana kadhi aliyewahukumu. Basi kijana huyu aliingia katika jumba la Bardo, na habari za mawaziri wale zilikuwa bado mbichi midomoni mwa watu.

Ahmad Bey alikuwa mtu wa mambo mapya. Alianzisha chuo cha kijeshi Bardo, na mwezi wa Januari 1846 akaufuta utumwa katika nchi yake yote, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake. (Sisi wa Mwambao tunaojua jinsi jambo hilo lilivyochukua miaka mingi Unguja na huku kwetu, tutaiona thamani ya tarehe hiyo.) Chini ya Bey huyu Khayr al-Din alijifunza Kiarabu barabara na Kifaransa, akasoma dini kwa mashekhe wa Tunis, akapanda vyeo vya jeshi la farasi mpaka akawa jemadari. Akamwoa binti wa Mustafa Khaznadar, waziri mkubwa, ambaye naye alikuwa mamluki, Mgiriki wa kisiwa cha Chios. Mkwe huyu tutamkuta tena, na si kwa heri.

Mwaka wa 1852 mtu mmoja aitwaye Mahmud bin Ayyad, aliyekuwa ameachiwa ukusanyaji wa kodi na ghala za serikali, alikimbilia Paris na mali nyingi ajabu. Akajipatia uraia wa Kifaransa, na kisha, kwa ujasiri wa mwizi aliyekwisha kuvuka mto, akadai kwamba ni serikali ya Tunis ndiyo iliyokuwa na deni lake! Khayr al-Din alipelekwa mwaka wa 1853 kwenda kuitetea hazina. Alikaa Paris karibu miaka minne akipekua makaratasi, hadi hukumu ilipotoka mwaka wa 1856, na sehemu kubwa ya hukumu hiyo ilikuwa upande wa Tunis.

Paris ya siku zile nayo haikuwa pepo ya uhuru, maana Napoleon III alikuwa ameuchukua utawala kwa nguvu mwaka wa 1851. Lakini kesi ile ilimfundisha Khayr al-Din mambo mawili ambayo hakuyasahau. La kwanza, bin Ayyad aliweza kuiba kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu mwenye haki ya kutaka kuona daftari. Neno la Bey ndilo lililokuwa daftari. La pili, mwizi yule alikwenda kuiweka mali yake Ufaransa kwa kuwa huko aliamini haitachukuliwa kwa amri ya usiku mmoja. Na ikiwa mwizi hukimbiza mali yake kwenye sheria, mfanyabiashara mwaminifu atafanya nini?

Alirudi Tunis mwaka wa 1857, akafanywa waziri wa mambo ya bahari. Ahmad Bey alikuwa amekwisha kufariki mwaka wa 1855, na sasa mtawala alikuwa Muhammad Bey. Mwaka huo huo likatokea jambo lililoitikisa nchi. Myahudi mmoja, Batto Sfez, mwendesha gari la farasi, aliingia katika ugomvi njiani, akashtakiwa kwamba ameitukana dini ya Kiislamu. Alihukumiwa kufa, na mwezi wa Juni akauawa upesi. Makonsuli wa Ufaransa na Uingereza, Léon Roches na Richard Wood, waliinuka wakataka Bey atoe ahadi za haki kwa watu wote wa nchi, kama vile Sultani wa Uturuki alivyokwisha kufanya. Baada ya muda mfupi manowari za Kifaransa zikatia nanga mbele ya ngome ya Halq al-Wadi.

Ndipo ikaandikwa Ahd al-Aman, ikasomwa katika jumba la Bardo tarehe 10 Septemba 1857, sawa na 20 Muharram 1274, mbele ya maulamaa, mawaziri na makonsuli. Jina lenyewe halihitaji mkalimani kwa Mswahili: ni ahadi ya amani. Ilikuwa na vifungu 11. Cha kwanza kilimwahidi kila mkaaji wa nchi, wa dini yo yote na lugha yo yote, usalama wa mwili wake, mali yake na heshima yake. Vingine vilisema kwamba watu wawe sawa mbele ya kodi na mbele ya hukumu. Asiwepo wa kulazimishwa kuacha dini yake. Askari wachukuliwe kwa kura na kwa muda maalumu, si kukamatwa tu na kupotelea jeshini. Yote hayo ni mema. Lakini vifungu vya mwisho viliwapa wageni ruhusa ya kufanya kila biashara na kununua mashamba na majumba, na hapo ndipo ulipokuwa mwiba. Makonsuli wale walikuwa wakitetea haki za wanyonge, na wakati huo huo walikuwa wakiwafungulia mlango matajiri wao. Mtu wa Tunis aliyeisikia ahadi ile siku hiyo alisikia sauti mbili kwa pamoja, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mizinga.

Mwandishi wa habari hizi haoni haja ya kulificha jambo hilo, kwa sababu Khayr al-Din mwenyewe aliliona. Fikira yake ilikuwa kwamba haki hizi si zawadi ya manowari. Zilikuwa ni mali ya Waislamu tangu zamani, nao wakazisahau, na dawa ni kuzitia nguvu kwa chombo kinachomwajibisha mtawala, ili ahadi isibaki karatasi iliyosomwa mbele ya makonsuli.

Chombo hicho kilikuja mwaka wa 1861. Muhammad Bey alikuwa amefariki mwaka wa 1859 na kurithiwa na nduguye, Muhammad al-Sadiq Bey. Kanuni ya Dola, iliyoanza kutumika mwezi wa Aprili 1861, ilikuwa na vifungu 114, na ndiyo katiba ya kwanza ya namna yake katika nchi za Kiarabu. Bey alitakiwa kula kiapo kwamba hatakwenda kinyume cha Ahd al-Aman na sheria zilizotokana nayo. Iliundwa Majlis al-Akbar, yaani Baraza Kuu, lenye watu 60, theluthi moja wakubwa wa serikali na theluthi mbili waheshimiwa wa nchi. Sheria mpya haikuweza kupita, wala kodi kuongezwa, wala fedha kutumiwa nje ya makadirio, bila ya ridhaa ya Baraza hilo. Na kifungu kimoja kilithubutu kusema ambalo halijapata kuandikwa kule: kwamba Bey akivunja sheria, atajibu mbele ya Baraza. Mahakama zilitengwa, na mtu hakuweza tena kuhukumiwa kwa neno la mtawala aliyeketi kibarazani asubuhi akikata mashauri yote kwa ishara ya mkono.

Kwa Kiarabu cha baadaye hati ya namna hii iliitwa dustur, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo kwetu limekuwa desturi. Msomaji anaweza kulifikiria hilo kwa wakati wake.

Khayr al-Din akawa Rais wa Baraza Kuu. Kasoro aliiona mapema. Wale watu 60 walichaguliwa na Bey mwenyewe na mawaziri wake, wala si na raia. Wengi wao walikuwa watu wa Mustafa Khaznadar, na Khaznadar, aliyekuwa waziri tangu mwaka wa 1837, hakuwa na nia ya kuonyesha daftari kwa mtu ye yote. Alipotaka kukopa fedha Ulaya, alitaka Baraza liseme amina tu. Khayr al-Din akakataa. Kati ya mkwe na sheria ilimbidi achague, na mwishoni mwa mwaka wa 1862 akajiuzulu uwaziri na urais wa Baraza, akaenda kukaa nyumbani kwake. Tusilione jambo hili kuwa jepesi. Mamluki hana ukoo. Ukoo wake ulikuwa ni nyumba ile aliyooa.

Mwaka uliofuata Khaznadar alikopa faranga milioni 35 kwa benki ya Erlanger ya Paris, na sehemu kubwa ikaliwa njiani kabla ya kufika Tunis. Deni likataka kulipwa. Kodi ya kichwa, iliyoitwa majba, ikaongezwa maradufu, kutoka riale 36 hadi 72. Masika ya mwaka wa 1864 makabila yakainuka chini ya Ali bin Ghidhahim, na fitina ikaenea mpaka miji ya pwani kama Susa na Monastir.

Sasa, msomaji, hapa pana jambo la kushangaza. Waasi walitaka kodi irudishwe ilivyokuwa, na pamoja na hayo walitaka katiba ifutwe na mahakama mpya zifungwe! Wako waandishi waliosema kwamba ule ulikuwa ujinga wa watu wa bara. Mimi sikubaliani nao. Mkulima wa Kairouan au mchunga kondoo wa Majir hakupata kuulizwa lo lote kuhusu vifungu vile 114. Alichokiona yeye ni mahakama zenye makarani wa mishahara, mbali na kwake, na kodi iliyopanda mara mbili katika miaka ile ile. Baraza lililotakiwa kumkinga na kodi ndilo lililokuwa limekaa Tunis wakati kodi ilipopandishwa. Angelipendaje?

Bey na Khaznadar walifurahi kupata udhuru huo. Katiba ilisimamishwa mwaka wa 1864 na haikurudi tena. Kodi ilirudi, tena kwa fimbo: jemadari Ahmad Zarruq aliwakamua watu wa pwani mpaka matajiri wakauza mizeituni yao. Ali bin Ghidhahim alikamatwa mwaka wa 1866, akafia gerezani mwaka uliofuata. Na ili ijulikane wazi ni kitu gani kilichoondoka pamoja na ile karatasi, mwaka wa 1867 wakubwa wawili wa dola, jemadari Rashid, aliyepata kuwaongoza askari wa Tunis katika vita vya Crimea, na waziri Ismail, waliuawa Bardo bila ya kesi. Mambo yalikuwa yamerudi pale pale yalipokuwa siku za Yusuf na Shakir.

Khayr al-Din miaka hiyo alikuwa hana kazi kubwa ila kutumwa huku na huku Ulaya kwa ujumbe, na nyumbani akiandika. Kitabu chake, Aqwam al-masalik fi ma'rifat ahwal al-mamalik, kilipigwa chapa Tunis mwaka wa 1867, mwaka ule ule wa mauaji ya Bardo, na mwaka uliofuata dibaji yake ikatolewa Paris kwa Kifaransa. Sehemu kubwa ni maelezo ya nchi moja moja, majeshi yake, mapato yake na serikali yake. Lakini roho ya kitabu imo katika dibaji hiyo ndefu, na hao aliowaandikia hasa ni watu wa aina mbili: watawala waliodhani kwamba mpaka ni udhalili, na maulamaa waliodhani kwamba kila kitokacho Ulaya ni haramu.

Kwa maulamaa hoja yake ilikuwa ya kisheria. Aliwakumbusha kisa cha Salman al-Farsi katika vita vya Ahzab, alipoleta shauri la kuchimba handaki kuuzunguka Madina, nalo lilikuwa ni jambo la Waajemi, na Mtume (s.a.w.) akalikubali. Chenye manufaa hakikataliwi kwa kuwa kimetumiwa kwanza na wasiokuwa Waislamu. Tena aliwauliza, kwa namna yake ya upole yenye makali ndani, mbona nguo za Ulaya na vyombo vya Ulaya wanavitumia bila ya kuuliza fatwa, na likifika shauri la kumzuia mtawala asidhulumu ndipo wanapokumbuka kwamba ni la makafiri?

Kwa watawala alitaja shura, akataja wajibu wa kuamrisha mema na kukataza maovu, akataja jinsi Sayyidna Umar (r.a.) alivyotaka watu wamnyoshe akienda kombo. Ahl al-hall wal-aqd, yaani watu wa kufungua na kufunga waliotajwa na wanachuoni wa zamani, aliwafananisha na mabunge ya Ulaya. Mtawala anaweza kuwa mwema, lakini dola haiwezi kujengwa juu ya bahati ya kupata mwema. Lazima pawepo kizuizi kitakachofanya kazi hata akija mwovu. Aligawa uhuru katika mafungu: uhuru wa mtu juu ya nafsi yake na chumo lake, uhuru wa raia kuingia katika mashauri ya dola, na uhuru wa kuandika na kupiga chapa. Na alieleza kwa mifano ya hesabu kwamba nchi isiyo na usalama wa mali haina biashara, kwani mtu hapandi mti ambao hajui matunda yake yataliwa na nani.

Mafunzo ya namna hii yalisafiri. Muhammad Abduh wa Misri alizuru Tunis mwishoni mwa mwaka wa 1884 akawakuta huko watu wa kundi la Khayr al-Din. Wazee wa Mombasa waliosoma Al-Islah ya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui mwaka wa 1932 watatambua harufu ya hoja hizi, maana fikira za Abduh na Rashid Rida zilikuwa zimekwisha kufika mpaka Mji wa Kale.

Turudi Tunis. Mwaka wa 1869 nchi ilifilisika. Ufaransa, Uingereza na Italia ziliweka tume ya kusimamia fedha, na Khayr al-Din akawekwa kuiongoza kwa upande wa serikali. Hesabu zilipofunuliwa, wizi wa Khaznadar haukuweza kufichwa tena, na mwezi wa Oktoba 1873 mkwe akaanguka na mume wa binti yake akakaa mahali pake.

Alitawala kama Waziri Mkuu kwa miaka minne, na mema aliyoyafanya ni mengi. Alipunguza dhuluma za watoza kodi. Aliweka idara moja ya kusimamia wakfu mwaka wa 1874. Aliandika kanuni ya kati ya mwenye shamba na mkulima wa fungu la tano. Mwaka wa 1875 alifungua chuo cha Sadiki, ambacho kilipewa sehemu ya mali iliyorudishwa na Khaznadar, na ambamo vijana walisoma Kurani na Kiarabu pamoja na hesabu, Kituruki, Kifaransa na Kiitaliano. Habib Bourguiba, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tunisia, alikuwa mmoja wa waliosoma humo.

Jambo moja hakulifanya. Hakuirudisha katiba. Mtu aliyeandika kitabu kizima kwamba mtawala mwema hatoshi, alipopata hukumu mkononi alitawala akiwa mtawala mwema. Wanaomtetea husema kwamba Bey asingekubali, kwamba raia walikuwa bado wanaichukia katiba ya 1861, na kwamba makonsuli walikuwa wakingoja kosa dogo. Huenda yote ni kweli. Ila mwezi wa Julai 1877 Bey alipochoka naye, na vijana wa jumbani walipomtia fitina, hapakuwa na Baraza la kuulizwa sababu. Aliondoka kama walivyoondoka wengine, isipokuwa yeye aliondoka na roho yake.

Sultani Abdul Hamid II akamwita Istanbul mwaka wa 1878, na tarehe 4 Desemba mwaka huo akamfanya Sadrazam, Waziri Mkuu wa dola nzima ya Kiuthmani. Mtoto aliyeuzwa katika mji ule sasa alikuwa na muhuri wa Sultani. Lakini mji nao ulikuwa na msiba wake. Katiba ya Midhat Pasha ilitangazwa mwezi wa Desemba 1876; haikupita miezi miwili kabla ya Midhat mwenyewe kufukuzwa nchini, kwa kifungu cha 113 cha katiba ile ile, ambacho kilimwachia Sultani haki ya kumhamisha mtu aliyemwona hatari. Bunge lilifungwa mwezi wa Februari 1878. Kifungu kimoja tu, na sakafu yote ikatoboka.

Safari hii Khayr al-Din hakukaa kimya. Alimwandikia Sultani akitaka mawaziri wawe na madaraka yao na wajibu wao, na bunge liitwe tena. Kwa miezi minane Sultani alimsikiliza kwa adabu. Tarehe 29 Julai 1879 akamwondoa. Hakukubali tena kushika cheo hicho, maana masharti aliyoyataka hayakukubaliwa.

Lipo doa ambalo wapenzi wake hulipita haraka. Bey alikuwa amempa shamba kubwa mno lililoitwa Enfida, yapata hekta 100,000. Alipokuwa Istanbul aliona kwamba siku yo yote Bey angeweza kulichukua kwa neno moja, basi mwaka wa 1880 akaliuza kwa kampuni ya Kifaransa ya Marseille. Ikazuka kesi ya shufaa: jirani mmoja, aliyekuwa chini ya himaya ya Uingereza, alidai kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kwanza kununua. Ufaransa ikalifanya shauri la shamba kuwa shauri la dola, na likawa moja ya visingizio vyake. Mwezi wa Mei 1881 majeshi yake yalikuwa mlangoni mwa Bardo, na Muhammad al-Sadiq Bey akatia sahihi.

Wako Watunisia ambao hawakumsamehe kwa kuuza kule. Na yeye angeweza kujibu kwa kifungu cha kwanza cha Ahd al-Aman, kile cha usalama wa mali, kwamba lau kingekuwa hai asingekuwa na sababu ya kuuza. Jibu hilo nalo lingerudi kwake, maana kwa miaka minne kifungu hicho kilikuwa chini ya kalamu yake mwenyewe.

Miaka yake ya mwisho aliipitisha katika nyumba yake huko Istanbul, mgonjwa wa viungo, akiwasimulia watoto wake maisha yake kwa Kifaransa ili yaandikwe. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka wa 1934. Alifariki tarehe 30 Januari 1890, akazikwa Eyüp. Mwaka wa 1968 Tunisia, iliyokuwa imejipatia uhuru mwaka wa 1956, ilimrudisha mifupa yake ikazikwa nyumbani, na baadaye sura yake ikatiwa katika noti ya dinari 20.